Kopo la Biskuti la Bi Dorkasi

Trrr, trrr. Simu ilikuwa ikitetemeka juu ya sahani ya bati, na sahani nayo ikagonga kikombe. Umeme ulikuwa umekatika. Shamila alipapasa gizani haraka, isije ikamwamsha Mishi, binti yake wa miaka mitano aliyelala ubavuni mwake.

"Njoo kituoni," alisema Fredy, fundi mitambo wa redio. "Nimewahi kuja kuujaribu mkanda, haupo."

"Haupo vipi? Nimeufungia kabatini mwenyewe jana!"

"Kopo lipo. Ila mkanda uliomo si wenyewe. Mtupu, hauna hata kikohozi."

Shamila aliketi kitandani, usingizi umemruka. Mkanda huo ulikuwa na kipindi cha mwisho cha *Bwana Chelewa*, mchezo wa redio uliowavunja mbavu watu wa Dodoma enzi za bibi zao. Kipindi hicho kilirekodiwa lakini hakikurushwa hewani, na nakala yake ilibaki moja tu, ndani ya kopo la biskuti nyumbani kwa Bi Dorkasi, kule Mkonze. Kingesikika kwa mara ya kwanza leo Jumamosi, saa kumi jioni. Bi Dorkasi alipomkabidhi kopo lile alilishika kwa mikono miwili. "Niahidi kitu kimoja, mwanangu. Kisikike mpaka mwisho kabisa. Msikikate." Shamila aliahidi, akiwa mtayarishaji wa kipindi na akiwa mtoto wa watu.

Kulipopambazuka alikuwa kituoni, Mishi akiwa naye kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Meneja, Mama Paulina, alikuwa amesimama mbele ya Silvano, mlinzi wa usiku.

"Usiku kucha ulikuwepo wewe peke yako," alisema Mama Paulina.

"Mimi nalinda geti, mama. Funguo za ndani sina."

"Za akiba zinaning'inia jikoni. Na jikoni ndiko unakochemshia chai."

"Sasa mkanda niupeleke wapi?" Silvano alipandwa na hasira. "Niupeleke kwetu Gulwe nikafungie mbuzi?"

"Utawaeleza polisi saa sita. Na wewe Shamila, andaa tangazo la kuwaomba radhi wasikilizaji."

"Shikamoo, mama. Tangazo sitaliandika. Nipe mpaka hiyo saa sita, nami nitakupa mkanda."

Mama Paulina alimtazama kama mtu aliyeona kuku akidai mshahara. Hata hivyo hakukataa.

Shamila alianza na kabati. Kufuli lilikuwa zima. Akalifungua kopo, akautoa ule mkanda mtupu. Ulikuwa wa kizamani, wa kuzungushwa kwenye gurudumu la plastiki, na vitu hivyo haviuzwi tena dukani. Mwizi wa usiku angebeba kopo zima akimbie. Huyu alitaka kopo lionekane limejaa, ili lifungiwe kabatini bila mtu kushtuka. Basi aliubadilisha kabla ya kabati kufungwa. Ikiwa ni hivyo, Silvano, aliyeingia zamu magharibi, hakuhusika.

Jana mchana studioni walikuwamo wanne. Sabiha, mtangazaji, alikuwa akimhoji Mzee Swalihu, aliyeigiza Bwana Chelewa na ambaye mji mzima ulijua kuwa ndiye aliyeutunga mchezo ule. Mzee alikuja na mfuko wa kumbukumbu: picha za kundi, kipaza sauti kilichopasuka, na mikanda chakavu. Fredy alikuwa nyuma ya kioo, na Shamila mlangoni. Kopo lilikaa mezani muda wote. Mazungumzo yalipoisha, Shamila alitoka getini kumpokea Mishi kutoka kwa jirani. Aliporudi studio ilikuwa tupu, akachukua kopo, akalifungia.

Alimkuta Sabiha jikoni.

"Wewe ulisema vichekesho vya wazee vinakula muda wa kipindi chako cha mapishi."

"Nimesema, na nitasema tena!" Sabiha aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Lakini mimi nasema mchana kweupe, dada. Ningeutaka mkanda wako ningekuambia nauchukua."

"Mazungumzo yalipoisha ulikwenda wapi?"

"Hapa hapa, kumchemshia babu chai. Nimerudi, babu hayupo. Chai nikaimaliza mwenyewe, tena na tangawizi yake."

Shamila alimpigia Mzee Swalihu. Sauti yake ilikuwa ileile nzito ya utani. "Mimi? Sabiha alipofunga mdomo tu, nilikwenda msikitini. Adhana ya alasiri imenikuta nimeshatawadha, nimekaa safu ya mbele. Bwana Chelewa wa redioni ndiye huchelewa, mjukuu wangu, si mimi."

Alibaki Fredy. Shamila aliingia chumba cha mitambo akafunga mlango.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Fredy alijikuna kichwa. "Nje, kwenye jenereta. Umeme ulikuwa unachezacheza."

"Mashine uliizima?"

"Niizime vipi? Ilikuwa inarekodi ukimya."

Shamila alimtazama. Kila mazungumzo yanapoisha, fundi huiacha mashine iendelee kurekodi chumba kikiwa kimya. Kila chumba kina ukimya wake, na ukikata neno katikati ya mazungumzo, unaziba pengo kwa ukimya wa chumba hichohicho. Ni kazi ya kila siku, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeikumbuka.

"Niwekee," alisema, akivaa hedifoni.

Mwanzoni ulikuwa mvumo wa feni tu. Kisha kiti kikakwaruza sakafu. Kisha *pap!* Mlio wa kifuniko cha bati kinachobanduliwa kwa kucha. Mikwaruzo kidogo ikafuata, na kwa mbali, kutoka dirishani, muadhini akaanza: *Allahu akbar*. Adhana ikiendelea, kifuniko kilishindiliwa mahali pake. Nyayo. Mlango.

Fredy alikuwa ameshika mdomo. "Mwizi kajirekodi mwenyewe!"

"Wewe ungeweza kuiba humo ndani?"

"Na mashine inarekodi? Nina wazimu?"

"Sabiha je?"

"Sabiha kila siku ananigombeza nisisahau ukimya wake."

"Basi. Anayejua kwamba ukimya unarekodiwa hawezi kuiba ndani yake. Zamani mikanda ilikuwa ghali, Fredy. Maneno yakiisha, mashine inazimwa papo hapo. Humu alikuwamo mtu mmoja tu aliyejifunza redio wakati huo."

Saa tano Shamila, Mama Paulina na Mishi waliingia sebuleni kwa Mzee Swalihu, mtaa wa nyuma ya soko. Kanzu ya sherehe ya jioni ya kumuenzi ilikuwa imeshapigwa pasi, inaning'inia mlangoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Eh, upelelezi na mtoto mkononi! Na huyu naye ni inspekta?"

Shamila hakucheka. Aliweka simu mezani, akaucheza ule ukimya. Kifuniko kilipolia *pap*, mzee alikuwa bado anatabasamu. Adhana ilipoanza, tabasamu likatoweka.

"Babu, ulisema adhana imekukuta safu ya mbele."

Mzee aliinuka, akainua godoro la kochi, akatoa mkanda uliofungwa ndani ya kilemba.

"Nilitaka kuuchoma," alisema, na sasa sauti haikuwa na utani. "Nikashindwa. Humu kuna sauti za waigizaji wenzangu wote, na wote wamekufa."

"Kwa nini sasa?" Mama Paulina alimaka. "Leo ndiyo tunakuenzi kwa kuutunga!"

"Ndiyo hiyo sababu, mama. Sikuutunga mimi. Dorkasi alikuwa mpiga chapa wetu. Usiku anaandika, asubuhi anatuletea, tunacheka mpaka tunashindwa kusoma. Baba yake alikuwa mchungaji, Dorkasi akaogopa jina lake lisije likasikika kwenye vichekesho. Watu wakanipongeza mimi, nami nikapokea. Kipindi cha mwisho akasema amechoka kujificha, jina lisomwe. Mtangazaji akalisoma mwishoni, pamoja na ya waigizaji. Nikakizuia kisirushwe. Nikamwambia kimefutwa. Sikujua kwamba alikwisha kukichukua."

Alimgeukia Shamila. "Rusheni kipindi. Nakuomba majina tu muyakate. Nina wajukuu, mwanangu."

Mama Paulina alikohoa. "Ni sekunde chache, Shamila. Tumsitiri mzee."

Shamila aliushika mkanda kwa mikono miwili. Alimwonea huruma yule mzee. "Bi Dorkasi ameungoja mwisho huu tangu mimi sijazaliwa. Sikati, mama. Ukitaka ukatwe, tafuta mtayarishaji mwingine."

Feni ya dari ilizunguka. Mama Paulina alichukua simu yake. "Fredy? Mwombe radhi Silvano kwa niaba yangu, nami nakuja kumwomba mwenyewe. Mkanda unakuja. Unachezwa wote."

Saa kumi jioni Shamila alikuwa Mkonze, ameketi mkekani na Mishi, mbele ya redio ya Bi Dorkasi. Bwana Chelewa alichelewa harusi yake mwenyewe, akafika akamkuta bibi harusi amekwisha kula wali wote. Mishi alicheka hadi akalala chali. Bi Dorkasi hakucheka. Midomo yake ilikuwa ikitangulia kila neno.

Muziki ulififia. Mtangazaji wa zamani alianza kusoma majina ya waigizaji, mmoja mmoja, taratibu. Bi Dorkasi alifumba macho, akaukamata mkono wa Shamila.

"Na mchezo huu," ilisema redio, "umetungwa na Dorkasi Matonya."

Mishi aliinuka mkekani.

"Bibi, redio imesema jina lako."