Siku Asizoziona Otilia

Otilia alikataa kumpandisha Remus kwenye tramu yake akiwa na kioo cha kabati kirefu kama mtu mzima. Ilikuwa Jumamosi, soko la Iosefin limefurika, abiria wamesongamana na vikapu vyao vya kabichi na cheri. Remus, fundi vioo mwenye mabega mapana na shati lililopauka kwa vumbi la kazi, alimwambia dereva huyo kwamba kioo chake ni cha adabu, hakimwangalii asiyekiangalia.

"Kikipasuka, nani atafagia?" Otilia alimuuliza.

"Nitafagia mimi, wewe unisimamie."

Otilia alicheka, akafunga mlango, akaondoka. Tramu ilipofika mwisho wa njia na kurudi, alimkuta bado yuko kituoni, kioo amekiegemeza ukutani, anachana nywele. Akampa namba ya simu dirishani.

Mwaka haujaisha, wakawa wanaishi pamoja juu ya duka la mikate. Tangu mwanzo Otilia alimwambia asiwe na wasiwasi, anameza vidonge vya majira. Hakuongeza neno. Hakumwambia kwamba tangu usichana, kila alipoingia mwezini, tumbo lilimkata mpaka akatapika, na kwamba siku moja alizirai kwenye kiti cha udereva. Daktari aligundua kuwa nyama za ndani ya mji wa mimba zilikuwa zinamwota mahali pasipo pake. Akamwagiza ameze vidonge mfululizo, bila ile wiki ya mapumziko, ili hedhi isije kabisa. Siku akitaka mtoto, aende kwanza akapimwe. Miaka miwili sasa Otilia hakuwa ameona siku zake, na kwa miaka hiyo miwili alikuwa ameishi kama watu wengine.

Majira ya kuchipua yalipoingia, Remus alisema anataka mtoto. Otilia, akimfikiria daktari, alijibu, "Tutaona." Remus alisikia ndiyo, akadhani ameacha vidonge. Akaanza kuhesabu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Miezi mitatu bafuni hamna pedi, wala hakuna usiku aliogeuziwa mgongo. Furaha ikamjaa kifuani. Alitaka Otilia mwenyewe amwambie, kwa hiyo hakuuliza. Ila kwa mama yake alishindwa kuuzuia ulimi.

Jumapili moja mama huyo, Bibi Viorica, alishuka kwenye basi la kijijini na sufuria ya nyama iliyofungwa kwa kabichi, na kikofia cha sufu ukubwa wa ngumi. Kabla hata ya kuvua mtandio, aliweka kiganja kwenye tumbo la Otilia.

"Tutarajie lini, mwanangu?"

Otilia alimtazama Remus. Remus alikuwa anatabasamu, macho yamemlowa.

"Mama, sina mimba," Otilia alisema.

Alieleza yote akiwa amesimama, ndani ya gauni lake la buluu la Jumapili, na chakula kikapoa mezani. Bibi Viorica alikikunja kile kikofia, akakirudisha mkobani, akaomba apelekwe stendi.

Remus aliporudi, alisema amefanywa mjinga mwaka mzima.

"Mwaka mzima umelala ubavuni mwangu," Otilia alijibu. "Siku zangu ulizihesabu. Kuniuliza, hukuniuliza."

"Ningekuuliza, ungeniambia?"

Otilia mwenyewe hakujua. Alikuwa ameogopa kuonekana mwanamke mbovu.

Alihamia kwa dada yake. Remus alipiga simu asubuhi na jioni, akisema nyumba imepoa na hata chai haina ladha. Wiki ya tatu alimngoja mwisho wa njia ya tramu, amevaa koti alilolitunzia harusi za wenzake, na pete mfukoni. Aache vidonge, alimsihi, waoane kabla ya baridi. Otilia alimpenda. Daktari alikuwa na nafasi baada ya miezi miwili, lakini Otilia hakungoja. Aliacha vidonge, akavaa pete, akarudi juu ya duka la mikate.

Mwezi wa kwanza ulipita kwa wepesi. Wa pili ulimwangusha kwenye sakafu ya bafu asubuhi ya Alhamisi. Remus alipiga magoti, akampangusa jasho. Kisha alitoka kumpigia mama yake, akarudi na simu mkononi.

"Mama anasema wanawake wote hupitia. Jikaze kidogo, kipenzi. Ni kwa ajili yetu."

Otilia alimwomba amletee vidonge vyake kwenye droo. Alijua havitazima maumivu ya siku ile. Alikuwa anafikiria ya mwezi ujao.

"Nilivitupa," Remus alisema polepole. "Niliogopa ungeghairi."

Otilia alivua pete, akaiweka kwenye sinki. Remus alisema ni maumivu tu yanayomsemesha, yatapita.

"Maumivu nayajua tangu nina miaka kumi na mitatu. Wewe ndiye niliyekuwa sikujui."

Alivaa koti juu ya gauni la kulalia, akashuka ngazi ameshikilia ukuta. Katika duka la dawa, mama wa makamo aliyekuwa kaunta alimsogezea kiti, akasoma cheti cha daktari alichompa, akamuuliza hedhi ilianza lini.

"Leo," Otilia alisema.

Simu iliita mfukoni mwake, ikakatika, ikaita tena. Aliizima, akapokea vidonge vyake, akaomba maji ya kumezea.