Miche ya Kijitoni kwa Kilian

Kilian alisubiri giza lianze kuingia ndipo akatoka na jembe. Mchana alikuwa na nafasi tele, lakini watu wangemwona, na uso umeumbwa na haya.

Mwezi wa sita, kahawa ilipouzwa vizuri, alikuwa amekodi katapila limchongee njia ya gari kutoka barabarani hadi mlangoni kwake, juu ya kilima kile huko Mbinga. Ingeweza kupita kwenye shamba lake la mahindi. Thubutu! Mahindi yake yaguswe? Akaipitisha ukingoni mwa kijito. Matete na miti ya mivengi ya tangu enzi za mababu vikang'olewa, moramu ikamwagwa na kushindiliwa. Siku ya kwanza gari kuingia, alipiga honi mpaka kuku wa majirani wakatawanyika.

Kamati ya mazingira ya kijiji ikamwamuru arudishe miti yote.

Sasa alikuwa akipanda, na miche haikukaa. Jioni tatu alipanda, asubuhi tatu akaikuta nje. Wala haikung'olewa ovyo. Ilikuwa imelazwa kando ya mashimo, kila mche umeviringishwa kitambaa tangu mizizini hadi karibu na kilele. Majani machache tu yalichungulia.

Avelina, mkewe, alipoiona mara ya kwanza alishika mdomo. Jioni ile ile akaenda kwa dada yake. "Nitarudi miti ikishika," alisema, na tangu hapo hapokei simu. Hilo ndilo lililomkaba Kilian, maana nyumba kubwa bila Avelina ilikuwa ghala tu.

Nani kama si mchawi? Kilian akamchagua jirani yake, Mama Kunigunda, mjane wa watu asiye na mtetezi. Jumamosi kwenye jumuiya, rozari zingali mikononi, akamnyooshea kidole bila hata shikamoo.

"Mama, niachie miche yangu!"

Bibi yule hakujitetea. Alimtazama kwa huruma.

"Muulize mkeo, baba. Mimi nilishika taa tu."

Wanawake wote mkekani wakainamisha vichwa. Kilian akaondoka masikio yakimwaka. Amuulize mke mbele ya shemeji? Abadan!

Ndiyo maana jioni ya nne alikuwa kijitoni peke yake.

Alichimba shimo la kwanza. Hewa ikanuka maziwa... si ya ng'ombe. Maziwa ya mama anayenyonyesha, yaliyochacha kwenye nguo. Kisha akasikia kitu kinafyonza. Kikaacha... kikaanza tena. Akajiambia ni maji ndani ya kalavati chini ya njia. Akausimika mche, akaingiza mkono kusawazisha udongo.

Kitu kikamshika kidole.

Kidogo. Laini. Cha moto.

Alitaka kuuchomoa mkono.

"Usivute," mtu alinong'ona nyuma yake. Alikuwa Avelina. "Ukivuta atalia."

"Mama wee... ni nini hiki?"

"Wanaozaliwa kimya tunawalaza hapa, penye unyevu. Ni kazi ya wanawake. Mwanamume haambiwi, ila akiuliza anajibiwa." Akapiga magoti. "Wetu naye yumo."

Miaka tisa nyuma, Kilian alikuwa Mbamba Bay kwa biashara ya dagaa wakati Avelina anajifungua mtoto asiyelia. Aliporudi aliambiwa yamekwisha. Akasema, "Mungu atatupa mwingine," kisha akauliza kama kuna chakula. Alipakuliwa, akala akashiba.

Sasa alitamani ardhi immeze.

"Mama Kunigunda ndiye aliyenimulikia usiku ule," Avelina alisema.

"Na vitambaa? Ni nyinyi mnaofunga?"

"Nilidhani ni wewe, umejua, unanikomoa. Mche ule wa kwanza... kile kilikuwa kitenge changu, Kilian. Nilimzika nacho."

Upepo haukuwepo, lakini matete machache yaliyobaki yalitikisika.

"Kwa hiyo huyu ndiye wetu?"

"Hapana. Huyo ni wa mtu mwingine, anashika yeyote tu." Akaonyesha katikati ya njia ya gari. "Wetu yuko pale."

Kidole kikaachiwa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Watu walipotoka misani walimkuta Kilian, shati limelowa, anaivunja njia yake kwa sururu. Alipowaona aliweka sururu chini, akamwendea Mama Kunigunda, akamsalimu, akaomba radhi mbele ya kadamnasi. Bibi akaitikia, "Marahaba," basi. Wanawake wakaleta miche, wakapanda bila kuzungumza, kila mmoja akijua pa kupanda. Hakuna mche uliotoka tena, na Avelina alirudi nyumbani.

Lakini siku ile, moramu ilipokwisha na udongo mweusi kuonekana, Kilian alilala kifudifudi mbele ya kijiji kizima, akauingiza mkono hadi kiwiko. Akasubiri. Watu waliondoka mmoja mmoja, na jua likainamia upande wa Nyasa.

"Ni mimi," alinong'ona. "Ni baba yako."

Avelina aliweka kiganja juu ya udongo, akasikiliza kwa muda.

"Mwache, Kilian," alisema. "Hakujui."