Mapigo Yasiyo ya Mpira

Kisomambao kilishusha mikono yake miwili ya kioo, kikalikumbatia gongo la kriketi lililovunjika, kikatulia. Hakikukata wala kuchubua. Kilisikiliza tu.

Ndani ya kila gongo lililotoka katika kiwanda kile cha Kibaha mlikuwa na nyuzihisi, nyembamba kuliko unywele, zilizokua pamoja na mbao yenyewe ndani ya matangi. Nyuzi hizo zilikumbuka kila kilicholigusa gongo: mpira, unyevu, joto la buti la gari, hata siku lilipoanguka sakafuni. Kisomambao kilizisoma kwa sekunde kumi na moja, kisha kikatoa hukumu. Kosa likiwa la kiwanda, mwenye gongo alipewa jipya. Likiwa la mwenyewe, dhamana ilifutwa.

Sikio la mashine hiyo lilibuniwa na Mhandisi Nakijwa Mbwambo. Sheria ilitaka kila dhamana inayofutwa itiwe saini na binadamu, na kwa miaka mitatu binadamu huyo alikuwa yeye. Mwanzoni alisoma kila hukumu tangu mwanzo hadi mwisho. Baadaye akawa anasoma mstari wa mwisho tu. Siku hizi aligusa kioo kwa kidole huku mkono wa pili umeshika kikombe cha chai.

Asubuhi moja alifika kwenye dirisha la ofisi mwanamke mrefu, bega la kulia limemshuka kidogo, amekumbatia foronya yenye kitu kirefu ndani. Aliitwa Sikudhani. Alikuwa mpigaji wa kwanza katika timu ya wanawake ya Upanga, na gongo lake lilikatika mpini katikati ya mchezo, mbele ya watu.

"Mmenirudishia gongo pamoja na barua," alisema. "Naomba uisome kwa sauti, dada."

Nakijwa akaisoma. "Gongo limepokea mapigo elfu tisa mia nne na kumi yasiyo ya mpira. Uharibifu wa makusudi. Dhamana imefutwa."

"Hiyo saini ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi nimefika kwa mwenyewe. Sikuja kudai gongo jipya. Nimekuja mfute hayo maneno, uharibifu wa makusudi."

Nakijwa alitaka kumjibu kama alivyozoea kuwajibu wengine, kwamba kisomambao hakina chuki na mtu. Lakini yule mwanamke hakuwa amekuja kugomba. Alizungumza polepole, kama mtu aliyerudia maneno hayo njia nzima.

"Hayo mapigo ni ya kaka yangu, Hatibu. Alicheza zamani, kabla roboti zenu hazijaanza kuyakomaza magongo kiwandani. Wakati huo ukinunua gongo unaligonga mwenyewe kwa nyundo ya mbao, taratibu, wiki kadhaa, mpaka uso wake ushikamane. Aliamini roboti haiwezi kazi hiyo. Mapafu yalipomlaza kitandani, nikamletea gongo langu jipya angalau apate cha kufanya. Akawa analilaza kifuani, anagonga kila alasiri. Miezi mitano. Alifariki kabla sijalipeleka uwanjani."

"Pole sana," Nakijwa alisema.

"Nimeshapoa. Ambaye hajapoa ni mama. Barua yenu ilifika nyumbani, akaisoma yeye kwanza. Sasa kila siku ananiuliza: kwa hiyo aliyeliharibu ni Hatibu?"

Nakijwa alifungua mlango wa pembeni, akamkaribisha ndani. Akaliweka gongo mezani, bapa upande huu na mpini upande ule, akaiamuru mashine isitoe hukumu, ifungue kumbukumbu zote.

Mapigo yakajipanga kwenye kioo kama mistari ya mvua. Akayapima. Hakuna hata moja lililofikia sehemu ya kumi ya nguvu ya mpira. Yalianzia chini ya bapa, yakapanda safu kwa safu, kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake. Mashine haikuyajua. Ilifundishwa kwa magongo yaliyokomazwa na roboti, na aliyechagua magongo ya kuifundishia ni yeye Nakijwa. Katika maelfu hayo hakuingiza hata moja lililogongwa kwa mkono.

Kisha akaufuata ufa. Ulianzia ndani kabisa, mpini unapoingia kwenye bapa, penye kipovu cha hewa katika gundi. Nyundo ya Hatibu haikuwahi kufika hapo.

"Kosa ni letu," alisema. "Hakuliharibu. Uso alioukomaza ni mzima mpaka leo."

Sikudhani alifumba macho. Alipoyafumbua aliuliza, "Na hizi alama ndogo katikati ya mapigo?"

"Mashine imeziandika kelele."

"Naweza kuzisikia?"

Nakijwa akafungua sauti. Tok, tok, tok, kisha mtikisiko mfupi, mkavu, mara mbili. Sikudhani akaziba mdomo kwa kiganja.

"Hicho ni kikohozi chake."

Nakijwa alilazimika kumweleza lililobaki, na lilimwia zito kuliko yote. Gongo lenye kosa la kiwanda halikuruhusiwa kurudi kwa mchezaji. Lilipaswa kusagwa, unga wake urudishwe matangini, na nyuzi zake ziyeyuke pamoja na kila zilichokumbuka, kwani mashine haikuhifadhi sauti. Barua ikisahihishwa, gongo lingebaki hapa. Barua ikiachwa ilivyo, Sikudhani angeondoka nalo.

"Kwa hiyo nichague jina lake au sauti yake."

"Ndiyo. Na sheria hiyo sina uwezo wa kuipindisha."

Sikudhani alipitisha kidole kwenye bapa. Kisha akampigia mama yake.

Mama alifika kabla ya adhuhuri, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nakijwa alimwamkia, akamwonyesha ufa na kipovu, akamweleza kila kitu bila kujitetea. Mama alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Nakijwa akafunga dirisha la ofisi. Wakakaa watatu, wakayasikiliza mapigo yote mpaka jioni. Mwezi wa kwanza yalikwenda sawasawa, kama fundi akiwa kazini. Mwezi wa tatu yalianza kupumzika. Mwezi wa tano kikohozi kilikuwa kingi kuliko nyundo. Sikudhani alitoa simu arekodi, mama akaufunika mkono wake.

"Acha, mwanangu. Utaisikiliza mpaka uache kula."

Siku ya mwisho yalikuwa mapigo saba. Baada ya hapo kilichosikika ni feni ya chumba tu.

Mama aliinama juu ya ramani ya bapa kwenye kioo. "Huku pembeni kushoto hakuna alama."

"Hakupafikia," Nakijwa alisema.

"Kuna nyundo humu?"

Ilikuwapo moja ya mafundi, yenye kichwa cha raba. Mama alilivuta bapa mapajani, akapima kwa kidole pale mwanawe alipoishia, akaanza kugonga. Mkono wake haukujua kazi. Mapigo mengine yalikuwa mazito, mengine yalitoka nje ya mstari. Hakuna aliyemrekebisha. Alipofika ukingoni akapangusa bapa kwa ncha ya mtandio.

"Basi," alisema. "Lichukueni. Na hiyo barua niandikieni upya, jina lake liwemo."

Nakijwa aliiandika mbele yao, akaandika kwa mkono kwamba marehemu Hatibu aliligonga gongo vizuri na kwamba lililovunjika ni kazi ya kiwanda. Gongo jipya walikataa. Walipoondoka, mama ameshika barua na Sikudhani amekunja foronya tupu, Nakijwa alitazama kwenye kumbukumbu za ofisi ni dhamana ngapi zilizowahi kufutwa kwa mapigo yasiyo ya mpira.

Mia tatu na kumi na mbili. Zote zilikuwa na saini yake.

Akafungua jalada la kwanza. Mtu wa Moshi, miaka miwili iliyopita. Simu iliita muda mrefu kabla haijapokewa.

"Naitwa Nakijwa, wa kiwanda cha magongo," alisema. "Nilikuandikia kwamba uliharibu gongo lako. Naomba uniambie aliyeligonga alikuwa nani. Safari hii nitasikiliza."