Gamba la Kisimani Mtua

Ignasi, rafiki yangu anayechimba visima, akisimulia haya mpaka leo hukasirika.

Alikuwa kijijini Mtua, akimchimbia kisima Dionisia, mama aliyechoka kufuata maji bondeni. Shimo la kwanza liligonga mwamba, la pili vilevile. La tatu likashuka vizuri mpaka kwenye giza, kisha sururu ikagonga kitu cha mviringo, kipana kama kitanda, chenye mistari kama mgongo wa kobe.

Akakipiga picha, akamtumia Rahel, shemeji yake anayepima miamba Ruangwa. Rahel akajibu, "Shemeji, hilo ni gamba la kasa wa baharini, jenasi iliyotoweka kabla ya watu kuwepo. Usiliguse."

"Bahari iko Lindi huko," Ignasi akafoka. "Mimi natafuta maji ya kunywa."

Akashuka tena, akalipiga nyundo mpaka mikono ikafa ganzi. Halikupata hata ufa.

Kazi yao ina utaratibu: aliye chini akigonga jiwe mara mbili, walio juu wanavuta kamba. Akagonga, Dionisia na kaka yake wakamtoa. Akaifungua kamba kiunoni, akaiachia ining'inie shimoni, akakaa ukingoni na kikombe cha uji, analaani ardhi ya Mtua.

Ndipo kule chini kukagongwa mara mbili, polepole.

Dionisia na kaka yake, kwa mazoea, wakaishika kamba wakaanza kuvuta.

"Fundi, njoo utusaidie," Dionisia akasema. "Ni nzito kuliko wewe."