Picha Zilizokatwa Pembeni

Kacha.

Sauti moja tu, kavu, fupi, kutoka ndani ya kabati. Phares Okumu aliitambua kabla hajafumbua macho, maana alikuwa ameisikia mara elfu kando ya bahari. Ilikuwa kamera yake ikipiga picha. Papo hapo mtoto akaanza kulia.

Aliwasha taa. Kamera ilikuwa palepale juu ya mashati, ndani ya mfuko wake wa ngozi, lenzi imefunikwa. Lakini namba ya kuhesabia picha, aliyokuwa ameiacha kwenye ishirini na mbili aliporudi kutoka Kilifi, sasa ilikuwa ishirini na tatu.

“Ni panya,” alimwambia mkewe.

Kezia alikuwa akimpa mtoto titi, na mtoto alikuwa akigeuza uso.

Usiku uliofuata namba ikawa ishirini na nne.

Phares alikuwa karani wa reli, na mwaka ule wa 1984 walikuwa wakikaa Buruburu, Fezi ya Pili. Likizo zake zote alikwenda pwani, akatembea kwa miguu juu ya miamba ya matumbawe na kupiga picha za bahari na za maua ya mwituni yanayoota nyufani. Hata alipopelekwa Wales miezi sita kwa mafunzo, Jumapili zilimkuta kwenye majabali ya huko, amepiga magoti katika upepo mbele ya vijiua vya rangi ya waridi. Picha alizitundika sebuleni. Zote zilikuwa nyembamba, na jirani yao Wacuka hakuchoka kumtania.

“Baba Mtoto, mbona picha zako ni kama utepe? Umemkata nani hapo pembeni, bibi mwingine?”

Phares alicheka naye. Angemwambiaje kwamba kweli kulikuwa na mtu? Kwa miaka minne, katika kila picha aliyoiosha, ya Kilifi au ya Wales, pembeni palionekana pindo la gauni lenye lesi, na kila mara alichukua mkasi akalikata. Mwaka wa kwanza lilikuwa pana kama ukucha. Siku hizi ilimbidi akate nusu ya bahari.

Mtoto alikuwa wa kike, wa wiki tatu, na hakuwa na jina. Kwao mtoto huomba jina lake kwa kilio. Wazee humtajia marehemu wa ukoo, mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake, maana ni la yule aliyetaka kukumbukwa. Walio hai hawatajwi. Kwa ajili hiyo mama yake Phares, Selpher, alipanda basi kutoka Siaya, akamweka mjukuu mapajani na kuanza kuita. Aliita mabibi na mababu, aliita mashangazi, aliita hata pacha waliokufa siku moja baada ya kuzaliwa. Mtoto alilia. Wiki mbili alilia, tangu ule usiku wa kwanza, na maziwa akayakataa, na kila alipowekwa kwenye mizani ya kliniki alikuwa amepungua. Muuguzi alisema haoni ugonjwa. Alisema pia kwamba wiki nyingine kama hiyo mtoto hataimaliza.

“Wafu wote nimewaita,” Selpher alisema, amechoka. “Wa kwetu na wa kwao Kezia. Hakuna mliyemsahau?”

Kezia alitikisa kichwa. Phares alitazama sakafu.

Kisha mama akauliza alilouliza kila walipoonana, kama dada yake Phares ameandika. Binti huyo ndiye kitinda mimba wake, na mama aliamini kwamba amebaki Mombasa kazini. Phares alisema barua iko njiani. Selpher hakujua kusoma, na barua zote alisomewa na mwanawe, naye mwanawe ndiye aliyeziandika, kwa taipureta ya ofisini, kila Krismasi. Mama alizikunja ndani ya Biblia. Phares alipozisoma alisema “binti yako” tu. Jina lenyewe halikuwa limepita midomoni mwake kwa miaka minne.

Jumamosi namba ilifika thelathini na sita. Filamu ilikuwa imekwisha.

Alijifungia bafuni mchana, akaziba dirisha kwa blanketi, akawasha taa nyekundu, akapanga trei za dawa kama siku zote. Alijiambia kwamba picha zile kumi na nne zitakuwa nyeusi, maana lenzi ilikuwa imefunikwa. Nyuma ya mlango mama yake alikuwa ameanza upya kuita majina, taratibu, na kilio cha mtoto kilikuwa chembamba sasa, kama mlio wa bawaba.

Aliichapa ya ishirini na tatu. Karatasi ikaelea katika dawa, ikatulia, ikaanza kuota kivuli. Ulikuwa mlango wa chumba chao cha kulala, umefunguka kidogo.

Aliichapa ya thelathini. Kitanda chao, yeye na Kezia wamelala, na kwenye sakafu nyayo za maji.

Ndipo aliposikia harufu ya mwani, harufu ya miamba maji yanapokupwa, ikitoka kwenye trei, ikipanda kwenye vigae, na alipoupeleka mkono mdomoni, bila kujua kwa nini, maji ya bomba la Buruburu yalikuwa na chumvi, na mikono yake iliendelea kufanya kazi peke yake, ikaweka ya thelathini na sita chini ya mwanga, ikaizamisha, ikaitikisa, na katika wekundu ule kitanda cha mtoto kikajitokeza, halafu mtoto, kinywa wazi, halafu, juu ya kinywa kile, mkono uliolowa umeshika ua dogo la mwambani, na mkono ulikuwa umetoka kwenye gauni, na gauni lilikuwa na lesi ambayo mama yake aliishona mwenyewe, na safari hii hapakuwa na pembeni pa kukata.

Nyuma ya shingo yake mtu alinong’ona.

“Rudi nyuma kidogo. Unaziba ua.”

Maneno yalikuwa yake mwenyewe. Aliyasema Kilifi, ukingoni mwa mwamba, dada yake akiwa amesimama mbele ya ua la zambarau, anacheka, na yeye jicho lake likiwa kwenye kamera, akamwona akirudi hatua moja, akamwona akirudi ya pili, kisha mbele ya jicho likabaki ua peke yake, zuri, katikati kabisa, na kidole chake ambacho hakikujua lolote kikabonyeza. Bahari haikumrudisha. Phares alikaa pale mpaka maji yakajaa, kisha akaenda Mombasa akapanda treni, na mahali fulani kabla ya Voi alikuwa ameshaitunga barua ya kwanza.

Nje kilio kilikuwa kikikatikakatika. Alisikia Kezia akimwambia mama kwamba mtoto anapoa miguu.

Alifungua mlango. Mwanga ukaingia juu ya karatasi zote, zikaanza kuwa nyeusi, naye hakugeuka. Mama yake alikuwa kwenye kochi, Biblia iliyotuna kwa barua iko kando yake, mtoto mapajani, midomo ya mtoto imekauka. Alimaliza jina la mwisho na kumtazama mwanawe.

“Wamekwisha, wuoda, mwanangu. Wengine wote wako hai.”

“Mama,” Phares alisema, “kuna mmoja wa kuongeza.”

Mkono wa Selpher ulisimama juu ya kichwa cha mtoto. Hakuuliza ni nani. Alianza tu kutikisa kichwa, polepole, kama anayemsihi asiseme.

Chumbani, ndani ya kamera isiyokuwa na filamu, ikasikika ile sauti, kacha, na Phares akalitamka jina la dada yake, kwa sauti ya chini, na kabla hajafika mwisho wake mtoto alikuwa amenyamaza:

“Apondi.”