Nozeli ya Tatu

Kila siku nikitoka shule nilipitiliza hadi gereji, kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu wa kunifungulia mlango. Mama ni muuguzi, na alikuwa amehamishiwa zahanati ya mbali. Tukabaki wawili, mimi na Baba. Nilikula chakula kilichokwisha kupoa, nikafanya hesabu zangu juu ya kreti, kisha nikavaa koti kuukuu la Baba na kwenda kwenye meza yetu.

Nasema yetu kwa sababu nami nilikuwa na kazi pale. Baba alikuwa ameifungua injini yote ya gari letu la dizeli ili aifunge upya, na mimi ndiye niliyesafisha vipuri. Tulitandika vitambaa vinne, kila kimoja na namba yake ya chaki, ili kipuri cha silinda moja kisije kikaingia kwenye silinda nyingine. Nilikaa kulia kwake, na huku naosha nilimsimulia mambo ya shule: nani kagombana na nani, mwalimu gani kavaa soksi mbili tofauti. Baba hakujibu. Zamani, Mama akiwepo, Baba alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka. Nikaona nimemchosha, nikapunguza maneno, na mwishowe nikawa nasafisha kimya. Upweke wa watu wawili kwenye meza moja ni mbaya sana, asikwambie mtu.

Nilichokuwa nakingojea ni Jumamosi. Mama alikuwa amepewa mapumziko ya siku mbili, na basi la kwenda kule lilikuwa moja tu kwa wiki, tena la Jumanne. Bila gari tusingemwona. Sikuwa nimemwona Mama kwa miezi saba.

Jumatatu, Baba akiwa ametoka kwenda kununua gasketi, niliiangusha nozeli ya tatu. Nozeli ni kile kichuma kinachonyunyizia dizeli ndani ya silinda, na ncha yake ina vitundu vidogo mno. Ilitua kwenye saruji kwa ncha hiyohiyo. Niliiokota, nikaigeuzageuza, sikuona ufa. Nikaifuta, nikairudisha kwenye kitambaa namba tatu, nikanyamaza. Niliogopa nini? Si kiboko, Baba hajawahi kunichapa. Niliogopa ataniondoa pale mezani, na meza ile ndiyo kitu pekee tulichokuwa tumebaki nacho.

Alhamisi alasiri injini ikawashwa. Iliguruma, halafu ikaanza: ko! ko! ko! Ikagonga kama mgeni mwenye haraka mlangoni, na moshi mweusi ukajaa gereji nzima. Jirani yetu, fundi wa kuchomelea, ambaye hutoa ushauri hata asipoombwa, akachungulia.

"Fundi Sikio! Umesahau nyundo humo ndani?"

Fundi Sikio ndilo jina la Baba mtaa mzima, maana aliweza kujua ugonjwa wa gari kwa kulisikiliza tu. Alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye injini, mpini akauweka kwenye sikio la kulia, kama kawaida yake. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Ni chini," alisema mwishowe. "Beringi imelika. Itabidi niifungue tena yote."

"Mpaka lini, Baba?"

Hakujibu. Nikarudia kwa sauti kubwa.

"Wiki ijayo, mwanangu. Mama yako tutampigia simu."

Alikwenda kunawa mikono, injini bado inanguruma. Nilijifuta machozi, nikaichukua ile bisibisi, nikasikiliza kama alivyonifundisha. Chini, kwenye tangi la oili, mlio wa kugonga ulikuwa hafifu. Nikapanda juu. Nozeli ya kwanza, hafifu. Ya pili, hafifu. Ya tatu ikagonga kwa ukali mpaka nikausikia mlio kwenye meno.  Nilishangaa imekuwaje Fundi Sikio asisikie jambo la wazi namna ile.

"Baba," nilisema, "nozeli ya tatu niliiangusha. Siku ya Jumatatu. Sikukwambia."

Akageuza uso. "Unasemaje?"

Ikabidi nikiri mara ya pili, tena kwa kupaza sauti, na fundi wa kuchomelea hakuwa ameondoka bado. Nilitamani sakafu ipasuke.

Baba hakufoka. Aliitazama bisibisi mkononi mwangu. "Umesikia ni juu?"

"Juu, Baba. Namba tatu."

"Basi mimi nitalegeza, wewe utasikiliza. Simama mbali, hii dizeli hutoka kwa nguvu, inatoboa ngozi."

Alizungushia kitambaa bomba la nozeli ya kwanza, akalegeza nati yake ili silinda ile ikose dizeli. Injini ikatetemeka.

"Bado inagonga!"

Akaikaza, akalegeza ya pili.

"Bado!"

Akalegeza ya tatu. Injini ilitetemeka vilevile, lakini kule kugonga kukakoma.

"Imenyamaza, Baba! Imenyamaza!"

Aliichomoa ile nozeli, tukaikuta ncha imepinda kidogo. Badala ya kunyunyiza ilikuwa inamwaga. Akafunga nyingine ya akiba, na injini ikanguruma kwa utulivu.

"Mimi nilijua tu ni nozeli," alisema fundi wa kuchomelea, akaenda zake.

Baba alikaa juu ya kreti yangu. "Sikio langu la kulia halisikii," alisema. "Tangu mwanzo wa mwaka. Nimeficha, maana Fundi Sikio asiyesikia nani atamletea gari? Leo nimetumia sikio lilelile ili jirani asishtukie, nikabahatisha tu."

Nikakumbuka meza yetu, na upande niliokuwa nakaa. "Kwa hiyo nilipokuwa nakusimulia mambo ya shule..."

"Ulikuwa unanisimulia?" aliuliza. "Nilidhani umenuna, mwanangu. Nilidhani hutaki kuongea nami."

Aliinuka kwenye kreti. Kisha akanivuta karibu.

"Ungeniambia siku ileile, ningebadilisha nozeli na mambo yakaisha. Na mimi ningekwambia habari ya sikio, tusingekaa hapa kila mtu na upweke wake. Kitu kikiharibika, sema mapema, hata kama umekiharibu wewe. Hata kama kilichoharibika ni kiungo chako mwenyewe. Keshokutwa namwambia mama yako, anipeleke kwa daktari."

Jumamosi asubuhi tuliondoka. Mimi nilikaa kushoto kwa Baba, upande wa sikio zima. Kabla hatujamaliza mtaa nilikuwa nimeanza habari ya mwalimu na soksi zake, na Baba alicheka mpaka ikabidi apunguze mwendo.