Kisu Kilichofungwa Uzi

Povu, mfuaji wa duka la dobi, alikuwa mtu wa kuchagua mpaka anakera. Alitaka kisu kidogo cha kukunja, cha kutembea nacho mfukoni, na kila alichoonyeshwa alikitia kasoro: hiki kizito, kile kirefu, hiki hakijifungi sawasawa, siku moja kitakula vidole vya mtu. Basi asubuhi moja, akipekua mifuko kabla ya kuloweka nguo, akakikuta ndani ya suruali ya marehemu mmoja: chepesi, kifupi, mpini wa pembe. Kilizungushiwa uzi mweusi. Suruali ilikuwa kavu, lakini uzi umelowa.

Sheria ya duka ilijulikana: cha mfukoni kinawekwa kwenye kopo la kaunta, mwenyewe akija anakikuta. Povu akakata uzi kwa meno. Kisu kikafunguka chenyewe. Tak.

"Wacha wee," akanong'ona. "Hiki ndicho." Akakitia mfukoni.

Mjane alipofuata nguo aliulizia kisu. Povu akaapa hakukiona. Tena, Mungu amsamehe, akamtupia jicho dada wa pasi, yuleyule aliyemfundisha kazi. Jicho tu! Bosi akaliona. Dada wa pasi akafukuzwa mchana uleule, analia, hata aproni hajavua.

Tangu hapo furaha ya Povu ikaingia nyongo. Nyumbani kukatanda harufu ya nguo iliyoungua, na pasi hawana. Binti yake wa pekee akaacha kula. Povu alikifunga kisu kwa kamba, akakitia ndani ya sufuria, akaweka jiwe juu ya mfuniko, na bado alikisikia kikifunguka, mara uvunguni, mara nyuma ya mlango, mara karibu kabisa na shingo ya mtoto, na kila kiliposikika mtoto alishtuka, akazidi kupungua kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji.

"Baba," binti akamnong'oneza, "yule mtu anasema hapa kwetu pazuri, watu wanajua kuficha."

"Mtu gani?"

"Huyo nyuma yako."

Povu hakugeuka. Alikwapua sufuria, akakimbilia kwa mjane, akapiga magoti, akasema yote.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," mjane akasema, akikishika kisu kwa kitambaa. "Hilo jini mume wangu alilifungia humu. Chakula chake ni uongo. Kisu niachie, nitakifunga. Wewe nenda kamsafishe yule dada mbele ya bosi wenu, leo hii, kabla hujaingia kwako; ukiingia na uongo, nalo litaingia nawe."

"Nitakwenda, mama."

Akaenda mpaka mbele ya duka. Bosi alikuwa mlangoni. Povu akaiwaza kazi, akaiwaza aibu, roho ikamsuta, naye akainamisha kichwa na kupitiliza. Kesho nayo ni siku, akajiambia.

Nyumbani harufu ilikuwa imetoweka.

"Baba nanii, njoo uone!" mkewe akaita, anacheka huku machozi yanamtoka. "Anakula!"

Kweli, binti alikuwa amemaliza sahani nzima. Povu akachuchumaa mbele yake. "Umeshiba, mama?"

Mtoto akatabasamu, akafungua mdomo kumjibu, na taya lake likalia: tak.